JIWE SIO JIWE TU! (Kwa wale wanaotaka kwenda kukwea mawe Kilimanjaro)

Najua wengi mko kwenye msongo wa UE, wengine mnahesabu siku za kufunga chuo na bumu lilishakata zamani. Hata hivyo leo naomba muweke madesa pembeni dakika kumi tu. Kuna jambo linanikera na nimeamua kulisema wazi, manake kulisemea kantini nimechoka.

Wiki hii kwenye grupu letu la WhatsApp limepita tangazo la wenzetu wanaopanga safari ya Kilimanjaro likizo ndefu. Kileleni hawana habari napo. Hawa jamaa wanataka kwenda kukwea MAWE. Ni ule mchezo wa kupanda jiwe fupi bila kamba, chini umetandika godoro la kudondokea na mikononi umepaka poda nyeupe ili usiteleze. Hapa Mwanza mchezo huu unaeleweka, mji wenyewe ni mawe matupu, na jioni nyuma ya hosteli kuna vijana wananing'inia kama popo. Raha yake naijua, mie mwenyewe nakwea.

Sasa wanataka kuupeleka mchezo huo kule juu ya msitu, kwenye mawe ya maeneo ya Lava Tower na bonde la Barranco, mita 4,000 na ushee. Orodha ya vitu vya kubeba nimeisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana tatizo: magodoro ya inchi nne, brashi za waya "za kusafishia jiwe", rangi ya kupuliza "ya kuandikia majina ya njia", na spika. Nikauliza kwa upole, jamani hili mmeliangalia vizuri? Jibu likaja mstari mmoja: "Jiwe ni jiwe tu mwalimu, haliumwi."

Haya. Kwa vile nimeitwa mwalimu, basi tukae darasani kidogo.

JIWE LA MWANZA NA JIWE LA KIBO

Mawe yetu ya Mwanza, kuanzia lile la Bismarck pale ziwani hadi haya ya nyuma ya hosteli, ni matale ya zamani sana, umri wake unazidi miaka bilioni 2. Ni magumu, yameviringika, yamekaa. Ukilikanyaga leo na mjukuu wako atalikanyaga. Isitoshe huku kuna joto na mvua, nyasi ukizikanyaga leo mwezi ujao zimesharudi.

Kibo ni mtoto ukilinganisha na hayo. Ni volkano, umri wake unahesabiwa kwa laki kadhaa za miaka, na mawe yake mengi yana nyufa na yanapukutika. Kule juu kila usiku ni baridi ya kugandisha na kila mchana ni jua kali. Maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanatanuka, yanalisukuma jiwe. Asubuhi yanayeyuka. Kesho tena. Kuna mawe yaliyoshikiliwa na barafu tu, na barafu yenyewe ndo hiyo inaisha: tangu 1912 mlima umeshapoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake.

Mnadhani natishia watu? Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, na Wamarekani watatu waliokuwa wanapanda walikufa. Njia ile ikafungwa hadi mwishoni mwa 2007. Na huko Marekani kwenyewe, ambako wenzetu wanaangalia video za huu mchezo na kutokwa na udenda, kuna bonde linaitwa Chaos Canyon ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado, zaidi ya mita 3,000 juu. Ni mahali maarufu sana kwa wakweaji wa mawe. Tarehe 28 Juni 2022 mteremko mzima uliporomoka pale, vumbi likatanda, na eneo likafungwa. Kwa hiyo lile jiwe unalolivuta kwa nguvu zako zote huku chini wenzako wamekukodolea macho na simu zao, uliza kwanza limeshikwa na nini.

"HALIUMWI" NANI KAKWAMBIA?

Twende kwenye brashi ya waya sasa. Ati kusafisha jiwe. Kusafisha nini? Ule uchafu wa rangi ya chungwa, kijivu na kijani-njano mnaouona kwenye picha za mawe ya mlimani sio uchafu, ndugu yangu. Ni likeni. Wale wa Bios mtanisaidia: ni fangasi na mwani wanaoishi pamoja kama mke na mume, mmoja anatafuta makazi, mwingine anapika. Wanakua polepole mno, milimita moja kwa mwaka, mara nyingi hata haifiki. Kipande cha ukubwa wa kiganja chako kinaweza kuwa kilianza kuota kabla babu yako hajazaliwa. Wewe unakuja na brashi ya buku mbili unakifuta kwa dakika moja ili upate pa kushika vidole, unapiga picha, unashuka zako. Hicho kiganja kitarudi lini? Mimi, wewe na watoto wetu hatutakuwepo.

Mimea nayo ni hivyo hivyo. Ile miti ya ajabu ya Barranco, inayofanana na mnanasi uliopandwa juu ya nguzo, ni senesio wakubwa. Aina ile ya Kilimanjaro kisayansi ina jina la mlima wenyewe, Dendrosenecio kilimanjari. Inarefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Yale majani makavu yaliyoning'inia shinani ndo koti lake la usiku, linaukinga mti usigande. Sasa jamaa anayabandua awashie moto, au anatandika godoro juu ya miche yake ili adondoke vizuri. Na udongo wa kule, kwa sababu unaganda usiku na kulegea mchana, unainuka na kushuka kila siku. Mizizi ikishang'oka, mche mpya unapata taabu sana kushika. Sehemu iliyotwangwa na miguu ya watu ishirini kwa siku mbili inaweza kubaki kipara kwa miaka mingi.

Ndo maana nasema jiwe sio jiwe tu. Kule juu jiwe ni nyumba ya watu wengine, na wenye nyumba hawana haraka kama sisi.

Halafu kuna hiyo poda, wenyewe tunaita chaki. Sisi tunaosomea ualimu na chaki ni damu moja, lakini hata ubaoni tunafuta kipindi kikiisha! Chini ya jiwe lililoinama, ambako mvua haifiki, madoa meupe yanakaa muda mrefu kweli. Atakayepita baada yako anaona jiwe lina mabaka kama limepata ugonjwa.

NANI ATABEBA GODORO?

Hapa ndo panaponiuma kuliko kote, na naomba tusomane vizuri.

Nimeuliza nani atabeba magodoro. Nikaambiwa "wapo wapagazi". Jamani! Wapagazi wa Kilimanjaro, wenyewe wanaitana wagumu, ni vijana kama sisi. Wengine ni wanafunzi wanaotafuta ada. Utaratibu wa mlima unasema mzigo wa wageni anaobeba mgumu usizidi kilo 20, na getini kuna mizani. Hiyo ni juu ya vitu vyake mwenyewe vya kujikinga na baridi. Godoro la inchi nne likiwa kavu unaliona jepesi. Likinyeshewa mvua ya msituni siku ya kwanza linakunywa maji kama ng'ombe. Upepo wa juu nao unalifanya tanga la jahazi, na aliyelibeba kichwani ndo nahodha asiyejua anapelekwa wapi. Nani anataka kuvuka ukuta wa Barranco, pale ambapo inabidi ushike jiwe kwa mikono, akiwa na godoro la mwanachuo kichwani?

Na likishakuwa zito mnajua kitakachotokea. Litafichwa nyuma ya jiwe, "tutalirudia mwakani". Kule Colorado mtindo huo wa kuficha magodoro ya kukwelea chini ya mawe umeshakuwa kero kubwa, na sheria ya hifadhi hairuhusu kutelekeza vitu. Panya wanayatafuna, sifongo inapukutika vipande vipande. Kilimanjaro panya wa mistari wapo tele makambini, na kunguru wenye shingo nyeupe wanapekua kila kitu. Nchi nzima tulikubali kuacha mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, sasa nyie mnataka kupeleka sifongo mita 4,600?

Bado kuteguka kifundo cha mguu. Hapa Mwanza ukiteguka unaita bodaboda, dakika kumi uko dispensari. Pale Lava Tower utabebwa. Na wabebaji ni wale wale wagumu, watu sita au wanane wakipokezana kwenye machela ya gurudumu moja, juu ya mawe, masaa kwa masaa, wakiwa wameacha mizigo mingine ambayo bado wanadaiwa kuifikisha. Kumbuka pia hewa ni nyepesi. Kileleni, mita 5,895, oksijeni unayoivuta ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, na hata pale Lava Tower imeshapungua sana. Kichwa kinauma, mwili haujazoea, halafu unataka kurukia jiwe la mita nne ili upate picha ya kuweka mtandaoni?

Sipingi mtu kujihatarisha, maisha ni yako. Napinga kujihatarisha kwa mgongo wa mwenzako anayelipwa posho.

MAJI NA MOTO

Haya mambo mawili watu hawapendi kuyaongelea, la kwanza kwa aibu na la pili kwa kusahau.

La kwanza ni choo. Kambini kuna vyoo. Mawe mazuri ya kukwea hayako kambini, yako pembeni, na mtu akibanwa anazunguka nyuma ya jiwe. Kwenye baridi ile vitu haviozi kama huku kwetu, na karatasi ndo kabisa. Sasa sikilizeni: kambi ya Barafu, ambako watu wanalala kabla ya kwenda kileleni kwa njia ya Machame, haina maji. Maji yanachotwa bonde la Karanga na wagumu ndo wanayapandisha. Mtu akijisaidia juu ya kijito, kuna wengine wanakunywa chini yake. Na huko chini kabisa wako Wachagga wenye mifongo yao, wanaomwagilia migomba na kahawa tangu enzi za mababu, na vijito vya mlima vinaendelea kushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Mlima ni tenki la maji la watu wengi. Huwezi kufanya mambo ya ajabu kwenye tenki kisa umepanda juu yake.

La pili ni moto. Oktoba 2020 moto ulianza pale Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Maelezo ya kwanza ya mamlaka ya hifadhi yalisema inaaminika ulianzia kwa waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Kupasha chakula tu! Ukawaka siku na siku, mamia ya watu wakapanda kuuzima, wengi wa kujitolea, na wanafunzi wakiwemo. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa Karanga. Kwa hiyo mtu akiniambia "tutawasha kamoto kadogo jioni tupige stori kwenye mawe", mie sina mzaha naye.

RANGI YA KUPULIZA NA MAJINA

Nimeliacha hili mwisho kwa makusudi.

Kwenye huu mchezo kuna desturi: wa kwanza kulipanda jiwe anaipa njia hiyo jina. Sina ugomvi nalo, jina likikaa mdomoni au kwenye daftari halimdhuru mtu. Ila wenzetu wanataka kuyaandika kwa rangi, "ili ijulikane wanachuo wa Kitanzania tulifika".

Ngoja niwakumbushe historia, maana wengine humu tunajiandaa kuifundisha. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika kilele cha Kibo. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Kama haitoshi, akaokota jiwe pale juu, akaenda nalo Ujerumani, na kipande chake akampa Kaiser kama zawadi. Kikapachikwa kwenye ukuta wa ukumbi ndani ya kasri la Potsdam, kati ya makombe na mawe mengine ya mapambo. Yaani kilele cha Afrika kikawa nakshi ya ukutani kwa mtu ambaye hakuwahi hata kukiona!

Tulipopata uhuru 1961 kilele kikaitwa Uhuru. Sasa niambieni, mtu aliyefundishwa hayo tangu shule ya msingi anapanda na kopo la rangi kwenda kuandika jina lake juu ya jiwe la mlima ule ule, tofauti yake na Meyer ni nini? Ngozi tu? Wengine wanabisha eti "mlima ni wetu". Ndiyo, ni wetu. Cha kwetu ndo tunachokitunza, hatukichorichori. Ukuta wa sebuleni kwa mama yako ni wenu pia, mbona hujaandika?

"MBONA WAGENI WANAPANDA MAELFU?"

Hii hoja naijua na ina uzito, siikimbii. Ni kweli. Miaka hii wanapanda zaidi ya watu 50,000 kwa mwaka, kila mmoja na msafara wa waongozaji na wagumu nyuma yake. Takataka zipo, njia zimechimbika, na mwenye macho haambiwi tazama. Mtu anauliza, hawa wanachuo ishirini watapunguza nini au kuongeza nini?

Jibu langu ni kwamba hao maelfu wanapita kwenye njia. Njia ilishatolewa sadaka: imekanyagwa, inajulikana, inalindwa, inatengenezwa. Kukwea mawe ni kutoka nje ya njia, na kila jiwe jipya linazaa kinjia kipya. Leo mko ishirini. Mkiweka video nzuri, mwakani ni mia mbili. Hakuna anayeharibu mlima peke yake, kila mmoja anaharibu ka-kipande kake anakoona hakana maana. Tena kwa kuwa 50,000 wanautumia, ndo sababu zaidi ya sisi wenyeji kuonyesha unatumikaje. Hatuwezi kumfokea mgeni aliyeacha chupa wakati jiwe lina jina la mwanachuo wetu.

HAYA, SASA TUFANYEJE?

Sijasema msiende. Nendeni! Watanzania tunaupanda mlima wetu wachache mno, na kiingilio kwa mwenyeji ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni. Ila nendeni hivi:

1. Ulizeni getini kwanza, kabla ya kuchanga hata senti. Mwambieni mhifadhi na mwongozaji mnataka kufanya nini na wapi. Wakisema hapana, ni hapana.

2. Kweeni jiwe tupu tu, lililo jirani na njia au kambi, ambalo chini yake kuna mchanga au changarawe. Lenye likeni, moshi au mche, lipite. Mawe hayajaisha.

3. Brashi ya waya ibaki nyumbani. Mswaki wa nywele laini unatosha, tena kwa kufuta chaki yenu wenyewe mkimaliza.

4. Unachotaka kudondokea, kibebe MWENYEWE mgongoni, kupanda na kushuka. Huwezi kukibeba? Basi kwea urefu ambao ukidondoka unasimama kwa miguu.

5. Watu wanne au watano kwa jiwe, sio msafara wa harusi. Na spika ibaki hosteli, watu wanaenda kule kusikia upepo.

6. Moto hakuna. Choo ni cha kambini. Ukibanwa mbali na kambi, karatasi yako inarudi nayo kwenye mfuko, uone aibu usione aibu.

7. Rangi hakuna, kuchonga hakuna, kuokota jiwe la kumbukumbu hakuna. Meyer mmoja anatosha.

8. Mgumu mlipe haki yake, na mzigo wake upimwe mbele yenu. Ukimwona amebeba kuliko kipimo, sema.

Asiyeweza haya manane, Mwanza mawe yapo, tena bure.

Nimalizie na hili. Sisi ni walimu watarajiwa. Muhula ujao wengi tunaenda mazoezi ya kufundisha, na mbele yetu watakaa watoto sitini, themanini, wengine mia kwa darasa. Tutawafundisha mazingira, tutachora mlima ubaoni na mishale ya mvua. Mtoto mmoja atanyoosha mkono aulize, "Mwalimu, wewe umeshafika?" Natamani kila mmoja wetu aweze kujibu ndiyo, na akiulizwa "uliacha nini huko?" ajibu bila kutafuta maneno: nyayo tu, na zenyewe njiani.

Wenye kubisha karibuni, ila njooni na hoja. Matusi nimeshayazoea. Mie narudi kwenye desa la saikolojia, karatasi ni Alhamisi na hali sio nzuri. Tuombeane.